Vidonge vya Asubuhi ya Kupimwa

Kwa miaka miwili nilikuwa naiba mtihani wa presha, na hakuna mtu aliyenishika. Naanza na hilo kwa sababu wewe uliyekaa kwa benchi la kliniki ya figo sasa hivi, miguu imefura, ukisubiri kuitwa, huenda unafanya mambo hayo hayo na unajiona mjanja. Hata mimi nilijiona mjanja. Nisikilize kwanza.

Naitwa Okello, wa Uriri. Shule niliachia darasa la tatu. Nilianza maisha kwa kusukuma mkokoteni wa maji sokoni, na leo nina mashine mbili za kusaga unga, nyumba ya mawe, na wana wanne. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Injini yangu ya kwanza niliifungua mwenyewe, nikairudisha mwenyewe bila kitabu, na bado inasaga. Nasema haya ili ujue nilivyokuwa nafikiri, si kwa kujisifu. Sawa, kidogo ni kwa kujisifu.

Mtu wa mashine ana sheria moja: injini ikizunguka vizuri, usiiguse. Nimeona vijana wengi wakiua injini nzima kwa kufungua fungua kitu kisicho na shida. Unangoja mpaka usikie mlio umebadilika, ndipo unachukua spana. Sheria hiyo imenilisha miaka mingi. Kosa langu ni kwamba niliitoa kwa mashine nikaileta kwa mwili wangu.

Watafiti walikuja sokoni Uriri na hema, wakawa wanapima watu presha, damu na mkojo. Walisema wanataka kujua watu wenye presha figo zao huchoka kwa haraka gani, na ni nini kinazifanya zichoke. Nilipanga foleni kwa sababu wazee wenzangu walikuwa wamepanga, na sikutaka waseme nimeogopa. Kijana wa utafiti akanifunga kile kitambaa kwa mkono. Kikafura, kikatoa pumzi. Akaangalia. Akanifunga tena.

"Jaduong'," akasema, maana kwetu mzee huitwa hivyo, "kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Macho yanaona vizuri?"

"Nakuona mpaka naona viatu vyako havijapigwa rangi."

"Basi presha yako iko juu sana na wewe huna habari."

Majibu ya damu yalikuja baadaye: figo zilikuwa zimeanza kupungua nguvu, lakini bado zilikuwa zinafanya kazi. Nikapewa vidonge. Nimeze kila siku, hata nikiwa mzima, na kila baada ya miezi mitatu nirudi kupimwa. Nilimwuliza yule kijana, dawa ya mtu mzima ni ya nini? Akanieleza kwa muda mrefu na kwa heshima. Nilitingisha kichwa mpaka akamaliza, nikaenda nyumbani nikaviweka juu ya kabati. Kichwa kikiuma, nameza kimoja. Kisipouma, injini inazunguka, usiiguse.

Lakini sikutaka kuaibika siku ya kupimwa. Basi siku mbili kabla, naacha chumvi. Jioni nameza viwili, asubuhi viwili tena, na vile vilivyobaki navitupa kwa shimo la choo ili pakiti ionekane imeisha. Nafika pale natembea polepole kama bwana harusi. Kijana anapima, anacheka kwa furaha. "Vizuri sana, Jaduong'! Wengine wangekuwa kama wewe!" Darasa la tatu nilikuwa wa mwisho. Hapa nilikuwa wa kwanza, na nilipenda.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Damu yangu ilikuwa inasema figo zinashuka, kila safari chini kidogo. Presha nzuri, vidonge vimeisha, na bado zinashuka. Alikuwa anakuna kichwa mpaka namwonea huruma. Hakuna siku nilifikiria kumwambia. Wala sikumwambia kuhusu mgongo. Magunia yalikuwa yameniharibu mgongo, na karibu kila wiki nilikuwa nachomwa sindano ya maumivu kwa duka la dawa, halafu natembea na vidonge vingine vya maumivu mfukoni, navila kama njugu. Hivyo vilinifanya nijisikie mzima, kwa hivyo hivyo nilivimeza bila kukosa.

Sasa nikueleze jambo la Otieno, maana bila hilo hutaelewa kwa nini sikutaka kufa.

Otieno ni mwanangu wa kwanza. Ana mke na watoto watatu, na nywele zimeanza kumtoka mbele, lakini bado alikuwa anaishi kwa simba, ile nyumba ndogo anayojengewa kijana ndani ya boma la baba yake. Kwetu mwana hatoki akaenda tu kujijengea boma lake. Lazima baba amtangulie asubuhi mapema, waende na jogoo na shoka na moto, baba amwonyeshe mahali na achimbe shimo la kwanza. Na wa kwanza asipotoka, wadogo zake nao wanakaa nyuma yake wanangoja. Otieno aliniomba nimtoe. Nikamwambia mwaka ujao. Mwaka ujao nikamwambia mvua imewahi. Halafu nikasema tubadilishe injini kwanza. Ikafika miaka sita. Ukweli ni kwamba yeye peke yake ndiye ana sikio kama langu. Anasikia mkanda ukilegea akiwa bado barabarani. Sikutaka aende ng'ambo ya kijito akawe mwenye boma. Nilitaka akae karibu na mashine, na karibu na mimi, ingawa hilo la pili sikulisema.

Ugonjwa ulinishika mvua fupi zikianza. Viatu vilikataa kuingia, nikavaa gambuti kwenda kanisani, na Sabato hiyo nadhani hakuna aliyesikiliza mahubiri. Mdomo ukawa na ladha kama nimelamba nati. Ugali wa unga niliosaga mwenyewe ukawa kama vumbi la mbao. Ngozi ilikuwa inawasha mpaka mke wangu, Min Otieno, yaani mama ya Otieno, ananikuna mgongo kwa gunzi la mahindi, na naliona gunzi hilo kama zawadi ya Mungu. Halafu pumzi ikawa fupi nikilala, nikawa nasinzia nimekaa. Mwisho mkojo ukaisha. Siku nzima, matone tu.

Otieno hakuniuliza. Alinibeba mgongoni, mimi baba yake, akaniweka kwa gari lake la Probox, akanipeleka hospitali Homa Bay. Nilimwambia aniweke chini nitembee. Akasema, "Baba, nyamaza."

Sikunyamaza maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilinyamaza.

Huko walinitia mrija shingoni na kunifunga kwa mashine ya kuosha damu. Usiogope sana mashine hiyo. Mimi niliitazama ile siku ya kwanza, nikaona pampu, mipira, chujio na kengele ya kulia kitu kikiziba. Nikamwambia muuguzi, "Hii naielewa." Muuguzi huyo ni Sista Robi, Mkuria wa Kehancha, mrefu, mdomo wake hauna breki.

"Ukiielewa, Mzee, basi wewe ndiye utaitengeneza ikiharibika?"

"Nipe spana."

"Nitakupa sindano."

Nilikuwa naenda Jumanne na Ijumaa, nafungwa kwa muda wa saa nne kila safari. Kitanda cha pili kutoka kwangu kilikuwa cha Mzee Bakari, mfanyabiashara wa leso na vitenge mjini Migori, mtu aliyekuja kutoka pwani akiwa kijana na hakurudi. Yeye alikuwa kwa mashine mwaka wa tano. Kiswahili chake ni cha kunyooka, na changu kilimchekesha kuliko redio.

"Ewe Okello, Kiswahili chako kimekatika mkanda."

"Kinasaga lakini."

"Kinasaga na mawe!"

Siku ya kwanza nilipolia, ndiyo, nililia, ni yeye aliyeniambia, "Bwana, mimi nimeozesha mabinti wawili nikiwa na mashine hii. Kesho yake nilikuwa kitandani hapa na pilau mfukoni. Maisha hayajafungwa, yamepangiwa siku tu." Maneno hayo yalinisaidia kuliko dawa ya kulala.

Mambo madogo ndiyo yatakubeba, nakuambia wewe wa benchi. Maji yangu ya siku nzima yalikuwa kikombe kimoja na nusu. Mimi niliyeuza maji! Nilikuwa naota mitungi. Sista Robi alinifundisha kumung'unya kipande cha barafu polepole, na Min Otieno akawa ananipimia maji kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja baada ya kingine, tukizungumza katikati, mpaka nikajua kwamba kwa miaka mingi hatukuwa tumezungumza hivyo. Mboga alizichemsha akamwaga maji, akazichemsha tena. Samaki bila chumvi. Nilimwambia samaki huyo amekufa mara mbili. Akaniambia, "Wewe ndiye ulitaka kufa mara ya kwanza. Kula."

Wiki ya tano mdogo wangu Owuor alikuja kuniona hospitalini. Alikaa kwa benchi la nje na Otieno, nami nikiwa kwa kiti cha magurudumu, jambo ambalo halikunipendeza. Alianza mbali, akazungumzia mahindi, akazungumzia ng'ombe. Halafu akafika kwa lililomleta.

"Ndugu yangu, umechoka. Niruhusu mimi nimtoe Otieno. Baba mdogo anaruhusiwa, unajua. Kijana asikae kwa simba mpaka azeeke."

Alikuwa na haki. Desturi inamruhusu. Ndiyo maana niliwaka.

"Nikifa, mtoe. Kabla sijafa, kunywa chai yako uende nyumbani. Otieno nitamtoa mimi, kabla ya mvua ndefu, na nitapanda ule mlima wa ng'ambo ya kijito, liliko shamba lake, kwa miguu yangu. Sitasukumwa kama gunia."

Otieno hakuinua macho. Alisema polepole tu, "Baba, umesema hivyo miaka sita. Na ulikuwa mzima."

Huyo ndiye aliyekuwa ananiendesha Jumanne na Ijumaa, ananivalisha soksi, anafunga mashine ya unga mapema ili awahi, na hajawahi kunikumbusha. Nikamwambia anisukume ndani.

Ijumaa hiyo daktari aliita familia. Alikuwa mama wa makamo, mpole, na faili langu la utafiti alikuwa nalo, maana watu wa utafiti walikuwa wamempa. Tulikaa mimi, Min Otieno na Otieno, na Sista Robi akasimama mlangoni. Daktari akasema anataka nitengenezewe njia ya kudumu mkononi, ili mrija wa shingo utolewe, kwa sababu mashine hii itakuwa yangu ya maisha.

"Nimesoma karatasi zako," akasema. "Miaka miwili presha yako imekuwa nzuri na vidonge umemeza vyote. Kama figo zimeshuka hata hivyo mpaka zikafika hapa, basi ugonjwa huu unakwenda wenyewe. Sioni zikirudi."

Min Otieno akajifuta macho kwa kitambaa. "Daktari, amekuwa mwaminifu kwa dawa. Mimi mwenyewe ni shahidi. Pakiti nilikuwa nazitupa mimi."

Nilitazama dirisha. Mtu wa umri wangu, mwenye mashine mbili, mzee wa kanisa. Ningenyamaza, hakuna mtu angejua mpaka leo. Lakini mke wangu alikuwa ameniapia uongo bila kujua, mbele ya watu, na analia. Hiyo sikuiweza.

"Sikumeza," nikasema.

"Hukumeza nini?"

"Vidonge. Nilikuwa nameza asubuhi ya kupimwa. Vingine nilitupa chooni."

Nikaona kama nimeshaanza, nimalize. Nikasema habari ya chumvi. Nikasema habari ya sindano za mgongo, kila wiki, na zile njugu za mfukoni, hata wiki ile niliyoletwa hapa, nilikuwa nakula sita kwa siku. Jasho lilikuwa linanitoka kama niko mbele ya polisi.

Min Otieno alishusha kitambaa. Ameolewa na mimi tangu nikisukuma mkokoteni.

"Wuon Otieno," akasema, ndiyo kusema baba ya Otieno, "kwa hiyo choo changu ndicho chenye presha nzuri?"

Sista Robi akatoka nje mbio. Tulimsikia akicheka mpaka mwisho wa korido. Daktari alijaribu kujizuia, akashindwa, akaweka faili usoni. Hata Otieno mabega yalikuwa yanatetemeka. Mimi peke yangu sikucheka, halafu na mimi nikacheka, na mrija wa shingo ukauma.

Daktari alipopata pumzi, akanikazia macho. "Jaduong', umenibadilishia kazi yote. Kama figo zimepigwa na presha isiyotibiwa, halafu juu yake zikapigwa na dawa za maumivu, basi huenda sehemu ya kipigo hicho inaweza kupona. Sehemu. Siahidi. Lakini sitaenda kwa mkono wako bado. Tungoje wiki nne. Vidonge vya presha utamezeshwa, utafungua mdomo, utainua ulimi. Dawa ya maumivu hata moja, nakufukuza."

"Na mkojo?"

"Utaupima kwa jagi. Kila tone."

Siku chache baadaye yule kijana wa utafiti alikuja. Nilimwomba msamaha. Kumwomba msamaha mtoto wa rika la mwanangu wa mwisho, jaribu wewe uone. Akasema, "Jaduong', uliniharibia namba kwa miaka miwili."

"Zifute uandike nyingine."

"Sifuti. Nitaandika ulichofanya, na kwa nini. Kama wewe ulifanya, si peke yako. Hatukuwahi kuuliza watu swali hilo vizuri." Akatoa kalamu, akaniuliza habari za injini, ile sheria yangu ya kutoigusa. Aliandika kurasa tatu. Tangu nizaliwe, hajawahi kutokea mtu aliyeandika maneno yangu kurasa tatu.

Basi tukaanza kazi ya jagi. Lilikuwa jagi la plastiki lenye mistari, na nyumba nzima iliishi kwa mistari hiyo. Wiki ya kwanza halikufika hata mstari wa kwanza. Wiki ya pili mvua fupi zilikatika, jua likaanza kukausha barabara, na Jumatano asubuhi nilifika mstari wa kwanza. Nilitoka nje na jagi mkononi. Min Otieno alikuwa anapepeta mtama. Aliliinua juu kwenye mwanga, kama mtu anayekagua asali, halafu akapiga vigelegele. Jirani akaruka ua kuuliza ni mtoto gani amezaliwa.

Nilimpigia Mzee Bakari simu.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Kama kikombe kidogo cha kahawa."

"Mashallah! Kikombe cha kahawa! Mimi mkojo wangu wa mwisho nilikuwa na meno yote. Hongera, bwana, hongera."

Alifurahi kweli, yeye ambaye wake haurudi. Sijasahau. Nakuambia jambo hili kwa sababu si kila mtu atatoka kwa mashine, na daktari akikuambia yako ni ya kudumu, Bakari ndiye mwalimu wako, si mimi. Anauza leso, anacheka, anagombana na wateja, na Jumanne na Ijumaa anakwenda kuosha damu kama mtu anayekwenda soko la siku yake. Mimi bahati yangu ilikuwa na njia nyingine.

Krismasi nilikula kuku bila chumvi na nikaomba mguu wa pili. Ladha ya nati ilikuwa imeondoka. Ngozi ikaacha kuwasha, gunzi likarudi kwa kuni. Januari, jua kali, jagi likafika katikati, na daktari akaniachisha Jumanne, nikabaki na Ijumaa. Viatu viliingia, na ajabu, sasa vilikuwa vikubwa. Miguu iliyobaki ndani ilikuwa ya kuku. Suruali zangu Min Otieno alizipunguza kiuno. Presha nilikuwa napima asubuhi na jioni, na ilikuwa haishuki kwa urembo kama ile ya wizi. Siku nyingine iko juu kidogo, dawa inabadilishwa, inashuka. Namba mbaya ya kweli, daktari anaweza kuifanyia kazi. Namba nzuri ya uongo inakuzika ukiwa umetabasamu.

Halafu Ijumaa moja, Februari imeanza, Sista Robi alinikuta kwa kiti changu, nimeshakunja mkono wa shati.

"Vaa shati, Mzee. Leo hakuna kitanda chako."

"Nani amekichukua?"

"Hakuna. Damu yako ya juzi imeonyesha unajiosha mwenyewe. Si sana. Figo zako ni nzee na zina makovu, na hazitakuwa za kijana tena. Lakini zinatosha. Nenda nyumbani, urudi wiki ijayo tupime tu."

Nilibaki nimesimama. Mzee Bakari, ameshafungwa kwa mashine yake, akainua ule mkono ulio huru. "Ondoka, Okello, usituzibie hewa! Na ukisaga unga, niletee ule wa kwenu, si wa mawe."

Wiki ile na nyingine na nyingine, damu ilishikilia. Mrija wa shingo ukatolewa. Nilianza kutembea. Kwanza kuzunguka ua. Halafu mpaka kwa mashine ya unga, ambako niliketi nikaisikiliza bila kugusa kitu, na Otieno akaniona nasikiliza akasema, "Mkanda niliubadilisha jana, Baba." Nilikuwa nimeshasikia. Halafu mpaka kijitoni. Ng'ambo ya kijito ndipo mlima unapoanza, na nusu ya mlima ndipo shamba la Otieno lilipo. Mara ya kwanza nilipanda hatua ishirini nikakaa kwa jiwe. Mara ya tatu nilifika kwa mgunga wa kwanza. Min Otieno alikuwa ananifuata nyuma na kiti cha plastiki kichwani, akijifanya anakwenda kwa rafiki yake.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Nilimwita Otieno, nikamwambia atafute jogoo.

Aliniangalia. "Lini, Baba?"

"Jumapili. Jumamosi ni Sabato."

Alienda nyuma ya simba yake, na mke wake aliniambia baadaye kwamba alisimama huko muda mrefu, ameshika ukuta.

Jumapili tuliondoka alfajiri, mwanga ukianza kuonekana. Mimi mbele na fimbo ya kuchimbia. Otieno nyuma yangu na shoka na jogoo. Mke wake nyuma yake na moto kwa kigae. Owuor, mdogo wangu, alikuja na nguzo begani, na vijana wa ukoo na mabati, maana nyumba lazima isimame siku hiyo hiyo na wenyewe walale ndani. Owuor aliniona nikivuka kijito akasema, "Ndugu yangu, tupumzike?" Nikamwambia apumzike yeye. Nilipumzika mara mbili hata hivyo, na kila mara niligeuka nikajifanya natazama mtama wa watu. Hakuna aliyecheka. Walitazama mtama pamoja na mimi.

Tulipofika, shati lilikuwa limelowa na miguu inatetemeka, lakini ilikuwa yangu na ilikuwa imenisimamisha. Otieno alimfunga jogoo kwa kichaka. Mke wake akaweka moto chini, akaupuliza. Nilitembea uwanjani, nikapata mahali pa nyumba, pa tambarare, maji hayasimami. Nikakita fimbo. Hapo ndipo baba husema mlango utaangalia wapi, na watu wote wakangoja niseme.

Mimi nilikuwa nimeshajua tangu siku nyingi. Ungeangalia barabara, ambapo wateja wanapita, na ambapo nikiwa kwa mashine ya unga ningeuona.

Otieno alisubiri. "Baba, mlango uangalie wapi?"

"Nyumba ni yako," nikamwambia. "Angalia wewe."

Hakutegemea hilo. Owuor alikohoa. Otieno akazunguka polepole, akatazama barabara, akatazama kijito, akatazama boma letu kule chini, halafu akageuka akaangalia mlima upande jua lilipokuwa linatoka. Akanyoosha mkono huko.

Mimi nisingeuweka huko. Nikachimba alipoonyesha.